Kahawia Hiyo ni ya Chai

Wadogo zangu, kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho chupa zilezile zinarudi mezani: majani ya chai ya Tukuyu, silva naitreti (chumvi ya fedha), rangi imegeuka kahawia, na mtu keshapiga picha ya ripoti. "Nanochembe zimetoka!" Yaani zile chembe ndogo mno za fedha. Haya, tuone.

1. Majani yaoshe kwa maji ya bomba, kisha yasuuze mara mbili kwa maji yaliyokenekwa. Kloraidi ya bomba ikibaki utapata uji mweupe wa kloraidi ya fedha. Gramu 10 za majani kwa mililita 100 za maji, chemsha dakika 15, chuja. Mwongozo ukidai nyuzi 100, msimalize gesi kuzitafuta: Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye 94 hivi.

2. Hapa ndipo mnapolia. Mmesikia alkali huharakisha mmenyuko, na ni kweli. Basi mtu anachanganya kwanza mililita 10 za mchujo na 90 za silva naitreti ya 1 mM (milimola kwa lita), halafu anadondoshea alkali, NaOH. Papo hapo kahawia! Furaha tele, mpaka siku ya spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa: hakuna kilele kati ya nanomita 400 na 450, ambacho ndicho alama ya nanochembe za fedha, ni mteremko tu kutoka kushoto kwenda kulia. Kumbe kahawia zilikuwa mbili, na hata moja si ya nanochembe. Ya kwanza ni ya chai yenyewe, maana polifenoli zake (kemikali za asili za majani) hukolea rangi kwenye alkali hata bila fedha. Ya pili ni oksidi ya fedha. Kwa ayoni za fedha za 1 mM, oksidi huanza kujitenga pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ikifika 9.3 hivi; bika nzima inaweza kusoma 8, lakini pale tone la NaOH linapoangukia pH imeruka mbali. Kwa hiyo rekebisha pH ya mchujo peke yake, ifikishe 8, ndipo umimine silva naitreti taratibu huku unakoroga.

Na chupa ni tatu, jamani, si moja: mchujo na maji, silva naitreti na maji, mchujo na silva naitreti. Ujazo uleule, pH ileile, giza lilelile. Ya kwanza ndiyo ya kusetia sifuri kwenye mashine. Mnasetia kwa maji matupu, halafu mnashangaa grafu imepanda kama barabara ya Kitonga.

3. Hiyo 10 kwa 90 inaacha fedha ya 0.9 mM. Acheni kuandika 1.

4. Kabla ya kupima kama nanochembe zinaua bakteria, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, ongeza mapya, rudia mara tatu. Ayoni zilizobaki huua bakteria zenyewe, na sifa zinakwenda kwa nanochembe. Kasi iandike kwa g, yaani mara ngapi ya nguvu ya uvutano wa dunia. Mizunguko 12,000 kwa dakika bila kutaja rota (kishikio cha chupa kinachozunguka) haimwambii mtu kitu.

5. Umeme ukikatika usiku kucha, mchujo wa kwenye friji mwaga. Chai ipo.