Designer ya PowerPoint ikikunyamazia ujue slaidi imejaa

Mwaka jana nlisimama mbele ya watu kama 20 hivi huko Likoni, Mombasa, kuwaelezea mradi wa friza la kuhifadhia samaki, slaidi ya tatu ina mistari 14, maandishi madogo kama yale ya karatasi ya dawa, na mama mmoja muuza samaki kakaa mbele pale akaniuliza, "Mwanangu, sasa sisi tusome ama tukusikize wewe?" Watu wakacheka, mimi jasho lanitoka na halikuwa la joto.

Niliporudi nyumbani nikasema hebu nijaribu ile Designer ya PowerPoint, iko tangu 2015 na siku zote naiona hapo naipita tu. Kama huijui, inataka uwe unalipia Microsoft 365 na intaneti iwe imewashwa, unaweka picha ama maneno yako, unabonyeza, upande wa kulia yanakujia mapendekezo ya mpangilio unachagua unalolitaka. Bas nikafungua ile slaidi ya mistari 14, nikabonyeza, kimya. Ati haina pendekezo. Nikalaumu bando wallahi, nikaomba waifai ya jirani, wapi! Kumbe maneno yakizidi yenyewe haina pa kushika. Nikakatakata mpaka ikabaki mistari mitatu mifupi, na hapo hapo ikanipangia vijisanduku na aikoni zake, safi kabisa. Siku hizi ikininyamazia wala sibishani nayo, nafuta.

Ila usiikubalie kila kitu. Ile ya mwanzo ilinipa picha ya samaki wa pinki juu ya barafu, sasa watu wa Likoni utawaonyesha samaki gani huyo? Nikapiga zangu kwa simu, changu na tafi kwenye karai, ikazipanga vizuri tu. Na rangi pia angalia, inapenda kukupa maandishi ya kijivu hafifu ambayo kwa laptopu yanapendeza lakini kwa projekta, saa nne asubuhi, madirisha wazi maana pazia hakuna, huoni kitu. Mimi sasa nafika mapema, nawasha, naenda kusimama mlangoni, nisiposoma kutoka pale nabadilisha iwe nyeusi.

Mara ya pili nlienda na slaidi sita. Yule mama alikuwepo, safari hii akauliza hilo friza litakula umeme wa pesa ngapi kwa mwezi, na hiyo sikuwa nimeiweka popote.