Maji meupe kama kioo, sumu imetoka wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja, aseniki kwenye maji ya visima. Nimechukua tatu, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna maswali ya watu wengi.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu. Kisima chetu cha pampu tunakitumia miaka kumi na kitu sasa, maji yake meupe, hayana harufu wala chumvi. Juzi wamekuja wapimaji wakasema yana aseniki mikrogramu 120 kwa lita, tuache kuyanywa. Nimechanganyikiwa kabisa, maana maji nachemsha kila siku na watoto wangu hawajui kuharisha. Nikiyachemsha muda mrefu zaidi si itaisha? Na hiyo sumu nani kaiweka?

JIBU: Pole sana dada yangu. Tuanze na la kuchemsha maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Moto unaua vijidudu, ila aseniki haina uhai, ni kitu cha mawe na udongo, kwa hiyo hakuna cha kufa hapo. Piga hesabu mwenyewe: ukibandika lita 2 za maji hayo, sufuriani una mikrogramu 240, sasa acha yachemke mpaka ibaki lita 1, mvuke umeondoka na maji tu, zile 240 zote bado zimo, yaani kikombe unachompa mtoto kina sumu mara mbili ya kile ulichoteka kisimani. Klorini nayo haiiondoi, kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi, na ulimi hauwezi kuijua hata ungeonja kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kwa hiyo kisima chenu kimepita mara 12.

Nani kaiweka? Mara nyingi hakuna mtu. Iko ardhini toka zamani, imeganda kwenye chembe za kutu ya chuma zilizomo kwenye mchanga na tope ambalo mito ilishusha kutoka milimani, na kule chini ambako hewa haifiki kuna bakteria wanaokula mabaki ya mimea iliyofukiwa, wakishaimaliza hewa iliyokuwepo wanaanza kuiyeyusha ile kutu, basi aseniki iliyokuwa imejishika hapo inaachia na kuingia kwenye maji. Kuna sehemu inatoka kwenye mawe ya madini yaliyochimbuliwa, na sehemu nyingine kwenye chemchemi za maji moto.

Sasa hilo la watoto kutoharisha, dada, ndilo lililowaponza watu wa Bangladesh. Huko watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara na kipindupindu kwa sababu ya maji ya madimbwi, basi toka miaka ya 1970 serikali pamoja na UNICEF wakahimiza visima vya bomba, watu wakachimba mamilioni, na kuhara kwenyewe kukapungua. Nia ilikuwa njema kabisa, ila aseniki hakuna aliyeipima. Upande wa pili wa mpaka, Bengali Magharibi ya India, madaktari wa ngozi walishaanza kuona wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini Bangladesh imekuja kugundulika 1993, na kufikia mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani likaandika kwamba watu kati ya milioni 35 na 77 wako hatarini, na kwamba historia haijawahi kuona watu wengi namna hiyo wakilishwa sumu kwa pamoja. Wote walikuwa wanakunywa maji meupe kama ya kwako.

Cha kufanya leo: kisima msikifunge. Kuogea, kufulia, kudeki, endelea, maana kwenye ngozi haipiti kwa kiasi cha kutisha. Unachobadilisha ni maji ya kunywa na ya KUPIKIA, na hili la pili watu wanalisahau sana, wali na uji vinafyonza yale maji pamoja na kilichomo. Tafuta kisima kilichopimwa kikaonekana salama hata kama kiko mbali kidogo, au kinga maji ya mvua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Mkikosa kabisa mkaenda mtoni au bwawani, hayo ndiyo ya kuchemsha, mtu asiikimbie aseniki akaangukia kipindupindu. Vichujio vipo pia, ila viwe vimetengenezwa kwa ajili ya aseniki, kama kile cha ndoo chenye chembe za chuma alichobuni Abul Hussam, mzaliwa wa Bangladesh, kikampa tuzo kubwa ya uhandisi huko Marekani 2007. Maji yanayotoka humo nayo yapimwe mara kwa mara, kichujio kinachoka. Kama kuna mjamzito nyumbani aanze yeye kupata maji salama, maana aseniki inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Anayenyonyesha aendelee, kwenye maziwa ya mama inapita kidogo sana.

SWALI: Cha jirani kimepimwa kiko salama. Cha kwetu kiko hatua thelathini tu kutoka hapo, na fundi anasema kwa vile ni kirefu hakuna haja ya kupoteza hela kupima. Ni kweli?

JIBU: Sio kweli ndugu yangu, pima. Visima viwili vya jirani vinaweza kuwa kimoja salama na kingine kimezidi mara kumi, kwa sababu matabaka ya chini hayafanani hata kidogo. Urefu nao hauna kanuni moja, kwa mfano Bangladesh vilivyozidi mita 150 vingi ni vizuri na vibaya vingi ni vya katikati, lakini kwenye mawe ya aina nyingine mambo yanageuka. Kuna kifaa cha kupimia hapo hapo kisimani: maji yanatiwa kwenye chupa na unga wa kemikali, gesi inapanda na kugusa kikaratasi mdomoni, kikibaki cheupe ni nafuu, kikigeuka njano halafu kahawia, hapo kuna kazi. Kinakupa makisio, uhakika uko maabara. Wenzetu walikuwa wakishapima wanaipaka pampu rangi, nyekundu usinywe, kijani kunywa, hata mtoto anajua.

SWALI: Wifi yangu ana madoa kifuani na viganja vimekuwa vigumu. Watu wanasema ni ukoma, mama hataki tule naye chombo kimoja, na kaka anaongelea kumrudisha kwao. Kisima tunachotumia kimekutwa na aseniki.

JIBU: Mwambie kaka yako asubiri, tena mwambie leo. Ulichoandika ndivyo aseniki inavyoanza kuonekana, mara nyingi baada ya miaka mitano au zaidi ya kunywa: madoa meusi na meupe kama matone ya mvua kwenye vumbi, na viganja na nyayo vinaota sugu ndogo ndogo, ukipitisha kidole ni kama umegusa punje za mchanga. HAIAMBUKIZI. Sio kwa sahani, sio kwa kitanda. Bangladesh wanawake wameachika na mabinti wamekosa kuolewa kwa ajili ya madoa haya haya, na inaniuma kila nikikumbuka, mtu kanyweshwa sumu halafu anafukuzwa yeye.

Apelekwe hospitali, daktari amwangalie ngozi na aambiwe habari ya kisima, mkojo unaonyesha aliyokunywa karibuni, nywele na kucha zinaonyesha ya miezi ya nyuma. Dawa ya kwanza ni kubadilisha maji, ale vizuri, na kama kuna anayevuta sigara aache maana inaongeza hatari ya saratani ya mapafu. Na asiache kliniki hata akijisikia mzima. Mji wa Antofagasta kule Chile ulikunywa maji yenye aseniki nyingi toka 1958 mpaka walipojenga mtambo wa kuyasafisha 1970, lakini saratani za mapafu na kibofu ziliendelea kuonekana miongo kadhaa baadaye.

Halafu msimpeleke peke yake. Kisima ni kimoja na miili haifanani, wengine ngozi inachelewa kuonyesha. Kaka yako aende, mama aende, na wewe uende, wote mkaangaliwe viganja.