Ukitaka kumwona kigong'ota, uache mti mkavu usimame

Wageni wanaokuja Malindi kutazama ndege huniuliza wafanye nini wamwone kigong'ota. Nawaambia watafute mti uliokufa lakini bado umesimama, wakae kimya mbali nao kidogo. Mwenye haraka atazunguka msitu wa Arabuko-Sokoke asubuhi nzima atoke na sauti tu masikioni.

Ingieni mapema, kabla jua halijawa kali, na mwongozaji mwenyeji, maana msitu ule una ndovu. Penye miti ya mirihi, ndege wa aina nyingi hutafuta chakula kwa pamoja wakihama mti hadi mti, na kigong'ota huandamana nao. Mkisikia kelele zao simameni, mkague mashina na matawi manene.

Kigong'ota wa Mombasa ni ndege wa misitu ya pwani, kuanzia Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Mgongo wake ni wa kijani chenye udhahabu, kifuani ana michirizi. Dume ana wekundu tangu utosini hadi kisogoni. Jike wekundu wake uko kisogoni tu. Akitua, tazama mkia wake: manyoya magumu ameyakaza kwenye gome kumwegemeza, vidole viwili mbele na viwili nyuma. Mara nyingi wala hagongi kwa nguvu. Huchokora ufa wa gome, akaingiza ulimi mrefu wenye kunata, akawatoa sisimizi. Ulimi huo akiurudisha, mizizi yake huzunguka fuvu la kichwa kwa nyuma. Mimi hilo halijaacha kunishangaza.

Tafadhali msimchezee sauti ya ndege mwenzake kwenye simu ili aje karibu. Hudhani mwenzake kavamia eneo lake, akaacha kula au kulisha makinda kwenda kupambana naye.

Sasa wenye mashamba, kuanzia Gede hadi Malindi mjini. Jirani aliwahi kuniambia, "Mzee, ule mwembe si ushakufa? Ukate upate kuni." Nikamjibu kwamba una wapangaji. Wengi huamini kigong'ota ndiye anayeua miti. Sivyo, akichimba sana mahali, mara nyingi ubao umeshalainika au ndani mna wadudu. Huchimba huko tundu la kutagia, la mviringo, na chini yake utakuta vibanzi vipya vimetapakaa. Mayai yake ni meupe, na dume na jike huatamia kwa zamu. Akishahama, tundu hilo huingiwa na ndege wasioweza kujichimbia, na wakati mwingine nyuki. Ukikata mti mmoja mkavu, umewavunjia nyumba wengi ambao hukuwahi hata kuwaona. Hilo linaniuma, kwa sababu nje ya msitu miti mikubwa imebaki michache, na ndani yake mti wa muhuhu umekatwa miaka mingi kwa ajili ya vinyago.

Mti ukiwa karibu na nyumba au njia wanayopita watoto, sikwambii uuache ukuangukie. Punguza matawi mazito, ubakize shina kwa urefu usioweza kufikia paa. Kuni utazipata kwenye hayo matawi. Ukiona tundu lenye vibanzi vipya, ahirisha kukata mpaka makinda yaruke, na watoto wasipande kuchungulia. Wachungulie kutoka barazani.