Kwa wanaoanza kusoma shaka ya Waingereza juu ya Ulaya: msianzie mwaka 2016

Ninyi mnaoanza kusoma siasa za Ulaya mtavutwa, kama nilivyovutwa mimi, kuanza na kura ya maoni ya Juni 2016, ambapo asilimia 51.9 ya wapiga kura wa Uingereza waliamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, kisha kutafuta chanzo katika uhamiaji na magazeti. Insha yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Mwalimu aliirudisha akiwa ameandika pembeni swali moja tu: mbona mwaka 1975 walikubali?

Ilinibidi nianze upya. Katika kura ya maoni ya 1975, iliyohusu kubaki katika Jumuiya ya Ulaya iliyoutangulia Umoja wa Ulaya, England iliunga mkono kubaki kwa asilimia 68.7 na Scotland kwa 58.4, mwaka 2016 Scotland ndiyo iliyotaka kubaki, England ikataka kutoka. Anayewaambia kwamba shaka hii ni tabia ya kuzaliwa ya watu wa kisiwani, mwombeni kwanza azieleze tarakimu hizo.

Itafuteni karatasi ya kura ya 1975 muisome neno kwa neno. Iliuliza kama Uingereza ibaki katika Jumuiya ya Ulaya, na mara baada ya jina hilo, ndani ya mabano, pakaandikwa “Soko la Pamoja”. Msiyapite mabano hayo. Ndilo jina alilolizoea mwananchi, ilhali Mkataba wa Roma wa 1957 ulikuwa umekwisha kutamka katika utangulizi wake nia ya kujenga muungano unaozidi kuwa wa karibu baina ya watu wa Ulaya. Mkataba wa Maastricht, ulioanzisha Umoja wa Ulaya, ulipokuja mwaka 1992, wapo waliolalamika kwamba walipigia kura soko wakaletewa serikali.

Mzizi wenyewe, kwa maoni yangu, uko vitani. Nchi sita zilizounda Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma mwaka 1951 ama zilikuwa zimeshindwa vita ama zilikuwa zimekaliwa na adui, kwa hiyo kugawana mamlaka kwao kulikuwa kinga. Uingereza haikupitia hayo: hata ukumbi wa Baraza la Makabwela ulipoteketezwa kwa mabomu Mei 1941, wabunge walihamia ukumbi mwingine wakaendelea na vikao. Taifa lililovuka vita Bunge lake likiwa limesimama lisingeona kirahisi kwa nini sheria itungwe kwingine.

Jumuiya ya Madola nayo ina sehemu yake. Someni hotuba ya Oktoba 1962 ya Hugh Gaitskell, kiongozi wa Chama cha Labour, aliyeonya kwamba kujiunga na Ulaya kungeikomesha historia ya Uingereza ya miaka elfu moja na kuhatarisha Madola, kabla ya ile ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher aliyoitoa Bruges, Ubelgiji, mwaka 1988. Na hiyo ya Bruges isomeni yote, kwa sababu humo humo, pamoja na ukali wake, Thatcher alisema kwamba hatima ya Uingereza imo Ulaya, ndani ya Jumuiya.