Jibu: Kuchuja orodha ndefu kwenye Python kunachukua dakika nyingi

Habari ndugu. Umejaribu kitanzi cha `for`, kisha `filter` yenye `lambda` (funksheni fupi isiyo na jina), kisha uchujaji wa mstari mmoja ndani ya mabano, na zote zinakwama (ingawa unasema `filter` "ilimaliza papo hapo") kuondoa kwenye rekodi 200,000 zile ambazo namba zake zimo katika orodha ya pili yenye namba 30,000.

Kagua kwanza hiyo orodha ya pili. `not in` juu ya orodha hupitia kipengee kimoja kimoja, na namba isiyokuwemo hupitiwa hadi mwisho; kwa hiyo unaweza kufikia ulinganisho bilioni 6. Hakuna aina ya kitanzi itakayokuokoa hapo. Igeuze orodha hiyo ya pili (hapa `namba_zuio`) iwe seti, yaani mkusanyo ambao Python hukagua kama kitu kimo bila kuupitia wote, mara moja tu:

```
zuio = set(namba_zuio)
safi = [r for r in rekodi if r["namba"] not in zuio]
```

Usiandike `set(namba_zuio)` ndani ya sharti lenyewe, maana itajengwa upya kwa kila rekodi na hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hakikisha pia aina zinafanana: `"102"` na `102` havilingani, na hutapata onyo lolote.

Kuhusu hiyo `filter` unayosema "ilimaliza papo hapo": katika Python 3 haichuji chochote mpaka usome matokeo. Pima `list(filter(...))` kwa `timeit`, moduli ya Python ya kupima muda. Mara nyingi utaiona `lambda` ikiachwa nyuma kidogo, kwa kuwa kila kipengee kinagharimu mwito wa funksheni.

Na hicho kitanzi chako cha `for` chenye `rekodi.remove(r)` kiache kabisa: kinaondoa vipengee kwenye orodha ileile kinayoipitia, kwa hiyo kinaruka vingine.