Je, Mirihi tunatafuta "uhai" au "maisha"?

Swali: Ninasoma biolojia, mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza. Kikundi chetu cha utafiti wa astrobiolojia (sayansi inayochunguza kama kuna viumbe hai nje ya Dunia) kina wenzetu wa jiolojia, kemia na fizikia, na tunaandika muhtasari kwa Kiswahili. Tumebishana: tunatafuta "maisha" kwenye sayari ya Mirihi au "uhai"? Na je, "molekuli hai" ni tafsiri sahihi ya "organic molecules"?

Jibu: Andikeni uhai, na mlishikilie hata mhariri akitaka kulibadili.

Jaribuni hivi. Jiwe halina uhai: sentensi imekaa sawa. Jiwe halina maisha: sikio linakataa. Maisha ni mwendo wa kiumbe tangu kuzaliwa hadi kufa, na namna anavyoupitia. Ndiyo maana tunasema maisha magumu, maisha ya ndoa, gharama za maisha. Uhai ni hali yenyewe ya kuwa hai. Ni kweli magazeti huandika "kupoteza maisha" kwa maana ya kufa, na hapo maneno haya hukaribiana sana. Lakini "maisha katika Mirihi" humfanya msomaji awaze watu waliohamia huko na jinsi wanavyoishi, ilhali ninyi mnauliza kama kuna chochote kilicho hai, au kama kiliwahi kuwepo.

Maisha nayo yana nafasi yake, kiumbe akishapatikana. Mwaka 1966 Hudson Freeze, akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kama ninyi, alifanya kazi na mwalimu wake Thomas Brock kuotesha bakteria kutoka chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Mwaka 1969 walichapisha maelezo yake kwa jina Thermus aquaticus. Ukiuliza kama kuna kilicho hai kwenye maji ya nyuzijoto 70 za Selsiasi, unauliza habari za uhai. Akishaota maabara, unauliza maisha yake: anakula nini, anagawanyika kwa kasi gani, joto gani linamshinda.

"Molekuli hai" ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Nadhani mmeichukua kwenye kilimo hai ("organic farming"), ambako neno hilo linaeleweka: samadi, mboji, udongo uliojaa viumbe. Mwamba wa Mirihi ni habari nyingine. Mwaka 2018 NASA ilitangaza kuwa kigari chake Curiosity kilipata molekuli za kikaboni kwenye mwamba wa tope wenye umri wa miaka bilioni 3 hivi, ndani ya kreta ya Gale. Molekuli zenye kaboni zimo hata kwenye vimondo, bila kiumbe yeyote kuzitengeneza. Mwenzenu wa kemia analijua hilo tangu mwaka wa kwanza, lakini msomaji akikuta "molekuli hai" mmeshamwambia kuwa uhai umepatikana. Neno moja limejibu swali ambalo utafiti mzima bado haujalijibu! Kikaboni husema kuna kaboni, basi. Neno hai liwekeni akiba kwa kilicho hai kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo, iepukeni "sayari inayokalika" kama tafsiri ya "habitable planet". Mahali panapokalika ni pale mtu anapoweza kuweka makazi. Wanaastrobiolojia wanamaanisha kwamba mazingira yanaruhusu maji kuwa kimiminika, kuna kemikali zinazohitajika, kuna nishati. "Sayari inayoweza kuhimili uhai" ni ndefu kidogo, lakini mwanajiolojia na mwanafizikia wataielewa vilevile.

Jina la somo halina shida: astrobiolojia limeshakaa vizuri mdomoni. Msije mkaliita tu "unajimu wa viumbe", maana mnajimu siku hizi ni mtabiri. Sayansi ya nyota tunaiita falaki, ingawa hata falaki ina msemo wa zamani, kupiga falaki, ambao ni kubashiri kwa nyota. Kwa hiyo mkiandika falaki, andikeni "sayansi ya falaki" mara ya kwanza, kisha endeleeni na falaki peke yake.