Si Kila Muwasho ni UTI

Juzi msomaji mmoja wa Pangani kaniandikia kuhusu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo: "Dada, hii ni dozi ya tatu ya UTI na bado nawashwa. Mume ameanza kuniangalia vibaya." Nilimjibu palepale: hiyo dozi ya tatu nani kakupimia? Hajapimwa hata mara moja.

Haya niliyapitia mimi, hapahapa Ngamiani, Tanga. Yalianza kwa kuungua wakati wa kukojoa. Mkojo unabana kila saa, ukienda chooni yanatoka matone. Duka la dawa la jirani wakanipa antibaotiki bila hata kuniuliza kama nina mimba. Kuungua kukaisha, ukaja muwasho. Si muwasho wa kujikuna ukapita. Nilikuwa nakesha nimekaa kwenye beseni la maji ya baridi, huku chini kumevimba, uchafu unatoka mweupe, mzito kama maziwa ya mgando. Nikarudi dukani. Mhudumu, mbele za watu, akapaza sauti: "UTI sugu hiyo, mwambie mumeo atulie." Akanifungia dozi nyingine, kali zaidi. Mume wangu hakuwa na kosa lolote, na maneno yale yananiuma mpaka leo.

Nyumbani mama mkubwa akaniletea shabu iliyosagwa na ndimu. Nilimshukuru, nikaiweka kabatini. Somo yangu alinifunda mengi nayaheshimu, na udi nafukiza nguo na nywele kila Ijumaa, ila ukeni siingizi kitu. Mle ndani mna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi inayowazuia wabaya. Ukisugua kwa sabuni, ndimu au shabu unawaondoa hao hao wanaokulinda.

Aliyenitoa ni daktari mmoja mama wa makamo. Alinipa kikopo: mkojo wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati. Akachukua na majimaji ya ukeni kwa kijiti cha pamba. Mkojo ulikuwa safi. Ukeni, fangasi. Zile antibaotiki zilikuwa zimeua bakteria, wabaya na wazuri, fangasi wakabaki wanazaana bila kizuizi. Akaniandikia vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni wakati wa kulala. Usingizi ukarudi.

Sasa sikilizeni, wanawake wenzangu. UTI uchungu wake uko kwenye mkojo: unaungua, unakwenda haja ndogo kila mara, chini ya kitovu panauma. Mara nyingi ni bakteria wa njia ya haja kubwa, na mrija wetu wa mkojo ni sentimita 4 hivi tu, hawana mwendo mrefu. Fangasi kilio chake ni muwasho. Ukisikia shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, na uchafu mwepesi wa kijivu, hapo bakteria wa ukeni wamevurugika, na dawa yake inayojulikana zaidi ni metronidazoli. Uchafu wa njano au kijani wenye povu unaweza kuwa trikomonasi. Huo ni ugonjwa wa zinaa na mwenzio lazima atibiwe pamoja nawe. Lakini dalili huingiliana, na mtu anaweza kuwa na mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo pimeni. UTI ikirudi, omba mkojo uoteshwe maabara ijulikane dawa gani inawaua wadudu wako. Fangasi wakirudi mara kwa mara, pima pia sukari ya damu.

Ukichamba, anza mbele uende nyuma. Kunywa maji, usibane mkojo, kojoa baada ya tendo. Nje panatosha maji tu. Na dozi uliyopimiwa uimalize. Usimgawie shoga yako vidonge vilivyobaki. Pimeni, jamani! Aibu ya kutoa kikopo cha mkojo haifikii hata robo ya aibu niliyopewa mimi pale dukani.

Mwenye mimba asisubiri hata kidogo, kwa sababu UTI inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na dawa nyingine hazimfai. Na yeyote anayeungua mkojo kisha akapata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo ubavuni, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hapo maambukizi huenda yameshapanda kwenye figo.